Aliachwa na Mke Akaandika Kitabu, Kitabu Kikawa Muvi: Ubuyu Kamili wa Oscar Micheaux

Kuna mtu akiachwa anafuta picha zote kwenye simu. Kuna mwingine anahama mtaa kabisa ili asikutane na eks sokoni. Oscar Micheaux yeye aliachwa akaandika kitabu. Miaka minne baadaye akaandika tena stori ileile kwa majina mengine. Kisha akaifanya muvi. Kisha akaifanya muvi nyingine. Mwaka 1948, zaidi ya miaka 35 tangu ndoa yake ivunjike, mzee baba alikuwa bado anaisimulia, safari hii kwa muvi ya zaidi ya saa tatu.

Na katikati ya uchungu huo ndipo alipopata jina. Muvi yake ya kwanza, ya mwaka 1919, ndiyo inayohesabiwa kuwa muvi ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mmarekani mweusi. Tunazungumzia enzi ambazo kwenye sinema kubwa za Marekani mtu mweusi mara nyingi alikuwa anaigizwa na mzungu aliyejipaka masizi usoni. Kwa hiyo tukicheka, tucheke kwa heshima kidogo.

Jina lake linatamkwa "Misho". Alizaliwa Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois, kwenye familia ya wakulima yenye watoto wengi. Baba yake alizaliwa mtumwa huko Kentucky. Oscar alipofika miaka 17 akaona jembe la nyumbani halina mchongo, akaondoka kwenda Chicago. Huko akafanya kila kazi unayoijua: machinjioni, kung'arisha viatu, mwishowe akapata kazi ya uhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Leo unaweza kuidharau, lakini kwa kijana mweusi wa wakati ule hiyo ilikuwa ajira ya kuringia. Sare safi, bakshishi za matajiri, na unazunguka nchi nzima bure. Aliona miji, akasikiliza wenye pesa wanavyoongea, akaweka akiba. Wengine kwenye kazi ile walikuwa wanakula bata, yeye alikuwa anahesabu.

Akiba ile akaenda kuizika South Dakota.

Serikali ya Marekani ilikuwa inafungua ardhi kwa walowezi kando ya eneo la Rosebud. Tuseme ukweli, ardhi yenyewe ilikuwa ya Walakota, wenyeji waliokuwa wamebanwa mpaka wakaachia. Micheaux akanunua haki ya mtu aliyekuwa ameamua kuachia kipande chake, na ilipofika mwaka 1905 alikuwa analima, mtu mweusi karibu peke yake katikati ya majirani wazungu. Hakuwa mjuzi wa upepo wa nyanda zile wala wa mifugo. Anasimulia mwenyewe jinsi wachuuzi walivyombambikia farasi na nyumbu wabovu mmoja baada ya mwingine mpaka akawa kichekesho cha mji. Ila akakaza. Baada ya muda, eneo alilokuwa ameligeuza kwa plau lilikuwa kubwa kuliko la wengi waliomcheka.

Sasa hapa ndipo ubuyu unapoanza.

Kwenye kitabu chake anaeleza kwamba kulikuwa na binti wa jirani, wa asili ya Skotlandi. Walizoeana, wakasomeshana vitabu, moyo ukaanza kwenda. Yule binti mzungu, yeye mweusi, na mwaka 1909 South Dakota ikapitisha sheria ya kupiga marufuku ndoa za namna hiyo. Micheaux pia alikuwa na msimamo wake kwamba mtu mweusi akipanda ngazi hapaswi kuwakimbia watu wake. Basi akaukata moyo. Binti huyo kwenye kitabu cha kwanza hana hata jina. Ni "yule msichana Mskochi" tu. Shika hapo, maana atarudi mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Akaamua kutafuta mke mweusi, na akamtafuta Chicago. Akampata Orlean McCracken, binti wa mchungaji mkubwa wa kanisa la AME, lile la Wamethodisti weusi. Walifunga ndoa mwaka 1910. Usidhani ilikuwa mapenzi matupu. Sheria ya ardhi ilimruhusu mwanamke asiye na mume kudai kipande chake mwenyewe, hivyo kabla ya ndoa Orlean alishaandikishiwa shamba, na Oscar ndiye aliyekuwa anasukuma mpango. Binti wa mjini, wa nyumba ya mchungaji, akajikuta kwenye nyumba ya udongo wa majani katikati ya pori lenye baridi ya kuua, mume anashinda shambani.

Orlean akapata ujauzito. Mtoto akazaliwa amekufa. Baba mkwe akaja, akamchukua binti yake, wakarudi Chicago. Kwa maelezo ya Oscar, mchungaji huyo alimrubuni binti, akamchafua mume, na haki ya lile shamba la Orlean ikaenda kuuzwa. Kwa maelezo ya upande wa pili... Hapo ndipo pagumu, nitarudi. Ukame nao ukapiga mfululizo, mazao yakakauka, madeni yakapanda. Mke hayupo, mtoto hayupo, ardhi inaondoka.

Mwaka 1913 akatoa *The Conquest*. Kwenye jalada hakuna jina la mwandishi, kumeandikwa tu kwamba kimeandikwa na "Pioneer", yaani mtangulizi, mfungua njia. Shujaa wa kitabu anaitwa Oscar Devereaux. Mke wake anaitwa Orlean McCraline. Ukisoma hivyo unacheka mwenyewe: jamaa kajificha yeye nyuma ya jina la uongo, lakini eks wake kamwachia jina lake halisi la kwanza, na la ukoo kabadilisha herufi chache! Pale Chicago nani asingejua ni binti wa nani? Hata hizi posti za siku hizi za "kuna mtu hapa mjini, simtaji" zina adabu kuliko hiyo.

Kitabu kilichapwa Lincoln, Nebraska, kwa gharama ya mwandishi. Hapakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Alizunguka kwa majirani, wengi wao wakulima wazungu, akikusanya oda kabla kitabu hakijatoka. Kikatoka, akakibeba mkononi. Nyumba kwa nyumba, mji kwa mji, hadi kusini kabisa. Stori ya safari hizo za kuuza vitabu nayo akaigeuza kitabu mwaka 1915, *The Forged Note*. Kwake hakuna kilichotupwa.

Mwaka 1917 akarudi kwenye kidonda. *The Homesteader* ni stori ileile, ila sasa kaongeza chumvi. Shujaa anaitwa Jean Baptiste. Yule msichana Mskochi sasa ana jina, Agnes, na mwishoni inagundulika kwamba kumbe ana damu ya mtu mweusi, kwa hiyo wanaoana bila shida. Unaona alichofanya? Kile ambacho maisha na sheria vilimnyima, kalamu imempa. Kwangu mimi *The Conquest* ndicho kitabu bora, kimekaa karibu na ukweli na kina mambo ya shamba unayoweza kuyanusa. *The Homesteader* ni kirefu, kina hotuba nyingi, lakini ndicho kilichomtoa.

Kulikuwa na kampuni ya filamu ya watu weusi iliyoitwa Lincoln Motion Picture Company, ya ndugu wawili, Noble na George Johnson. Noble alikuwa mwigizaji California, George alikuwa anafanya kazi posta huko Omaha na kusimamia usambazaji. Mwaka 1918 George akakisikia kitabu, akamwandikia Micheaux wakitaka kununua haki. Ingekuwa wewe, mkulima aliyefilisika, ungesaini kabla ya chai kupoa. Micheaux akaweka masharti: muvi iwe ndefu, siyo vile vifupi walivyozoea, na yeye mwenyewe awepo Los Angeles kuisimamia. Wakamwona mshamba. Hajawahi hata kushika kamera, anataka kuelekeza? Dili likafa.

Akasema poa. Akafungua kampuni yake, akarudi kwa walewale wakulima wa pembeni ya Sioux City, Iowa, walionunua vitabu vyake, safari hii akiwauzia hisa. Wazungu wa vijijini wakachangia muvi ya mtu mweusi kwa sababu wanamjua, amelima nao. Sijui kama kuna mtaji wa sinema uliowahi kupatikana kwa njia ya ajabu kuliko hiyo.

*The Homesteader* ikazinduliwa Chicago Februari 1919. Nafasi ya Orlean ilichezwa na Evelyn Preer, ambaye baadaye akawa staa mkubwa wa muvi za watu weusi. Kwenye muvi, Orlean anarukwa na akili, anamuua baba yake mchungaji, kisha anajiua. Na muvi inaonyeshwa mji uleule anaoishi huyo mchungaji!

Wachungaji watatu wa Chicago wakaenda bodi ya ukaguzi kutaka izuiwe, wakisema inamchafua mtumishi mmoja anayefahamika. Bodi ikaitazama, ikairuhusu. Micheaux alifanya nini? Akaweka kwenye matangazo ya gazeti kwamba hii ndiyo muvi ambayo wachungaji walitaka usiione. Watu wakajaa. Kiki haikuanza na simu janja, mtu wangu.

Ila usimweke kwenye kundi la wapenda kiki ukaishia hapo, maana muvi iliyofuata ilikuwa jambo zito.

Kiangazi cha 1919 Chicago ililipuka. Vurugu za rangi zilizoanza Julai, baada ya kijana mweusi kuuawa majini ufukweni, ziliua watu 38, 23 weusi na 15 wazungu. Miezi sita baadaye, Januari 1920, Micheaux akaja na *Within Our Gates*. Ndani yake kuna familia nyeusi inayonyongwa na kundi la wazungu bila kesi, wanawake na watoto wa wazungu wakitazama kama wako pikiniki. Kuna mzungu anayejaribu kumbaka msichana mweusi, kisha anaona kovu kifuani na kutambua kwamba huyo ni binti yake wa kumzaa. Kumbuka miaka mitano nyuma sinema iliyovunja rekodi Marekani ilikuwa *The Birth of a Nation*, iliyomchora mtu mweusi kama mbakaji na Ku Klux Klan kama mashujaa. Micheaux aliigeuza kamera upande wa pili na kuuliza: nani hasa alikuwa anambaka nani?

Bodi ya Chicago ikaikataa mwanzoni. Kuna waliosema itawasha moto upya, na siyo wazungu tu, hata viongozi weusi waliogopa. Wengine wakasema ndiyo hasa wakati wake. Ikapita baada ya kukatwa, na kila ilikokwenda ikawa na sura tofauti, huku imekatwa kipande hiki, kule kipande kile. Micheaux kwa kujijua akatangaza kwenye miji mingine kwamba wanapata ile isiyokatwa.

Jinsi alivyokuwa anafanya kazi ingemtoa jasho prodyuza wa leo. Anaandika stori, anapiga picha chache za waigizaji, anajitwika koti lake refu zuri, anaingia barabarani. Anakutana na wenye kumbi za sinema za watu weusi, anawaambia muvi yangu ijayo ina huyu na huyu, nipe chochote cha kuanzia uipate mapema. Kwa pesa hiyo anapiga muvi. Sebule ya rafiki inakuwa nyumba ya tajiri. Onyesho linapigwa mara moja, mwigizaji akikosea mstari, mara nyingine kosa linabaki humohumo, maana filamu ni ghali. Taa mbovu, sauti baadaye mbovu pia. Lakini mastaa alikuwa nao, na aliwapa majina ya kuuzia: Lorenzo Tucker akamtangaza kuwa Valentino mweusi, Bee Freeman akawa Mae West wa upande wao. Mwaka 1925 alimpa Paul Robeson nafasi yake ya kwanza ya sinema kwenye *Body and Soul*, akicheza mchungaji tapeli. Ndiyo, mchungaji tena. Na bodi ya New York ilipomjia juu kwa kuwatukana watumishi, akaongeza mwisho unaoonyesha kwamba mambo yote yalikuwa ndoto tu. Baba mkwe hakuwahi kupumzika.

Mwaka 1926 alioa tena, mwigizaji Alice B. Russell, na huyu walidumu mpaka kifo. Alicheza kwenye muvi zake na kusaidia kuzitengeneza. Cha kushangaza, mke aliyekaa hakupata kitabu hata kimoja cha kwake. Mwaka 1928 kampuni ikatangaza kufilisika. Sauti ilikuwa inaingia kwenye sinema, gharama zimepanda, na hela ikabidi itoke kwa wafadhili wazungu wenye kumbi za Harlem. Mwaka 1931 akatoka na *The Exile*, muvi ndefu ya kwanza ya sauti kutengenezwa na Mmarekani mweusi. Inahusu nini? Jamaa anaondoka Chicago kwenda kulima South Dakota, anapenda binti wa jirani anayedhaniwa mzungu, kumbe siyo.

Watu wake mwenyewe walimchana sana, na siyo bure. Mashujaa wake karibu wote ni weupe wa ngozi, na wahuni na wajinga mara nyingi ni weusi zaidi. Alipenda kuwahubiria weusi wenzake kuhusu uvivu kama mtu aliyesahau vikwazo alivyoviruka mwenyewe. Mwaka 1938 *God's Step Children*, muvi kuhusu binti mweupe wa ngozi anayewakataa weusi wenzake, iliandamaniwa New York mpaka ikaondolewa ukumbini. Safari hii hata kiki haikusaidia.

Miaka ya arobaini akarudi kwenye vitabu, akivisambaza mwenyewe. Kimojawapo, *The Wind from Nowhere*, ni ile stori ya South Dakota kwa mara nyingine. Mwaka 1948 akakifanya muvi, *The Betrayal*, yaani usaliti. Akatafuta ukumbi wa katikati ya New York, siyo wa mitaa ya weusi, akijua hii ndiyo ya kutoboa. Wakosoaji wakaipasua vibaya, watazamaji hawakuja. Hakutengeneza nyingine.

Sasa turudi kwa Orlean.

Kila unachokijua kuhusu huyo dada kutoka kwenye stori hii kimepitia kwa Oscar. Yeye anasema alirubuniwa, alikuwa dhaifu, hakuwa na msimamo mbele ya baba yake. Lakini soma kitabu cha kwanza polepole, utamwona msichana wa mjini aliyejifungua mtoto mfu, mume akiwa safarini kwa shughuli zake. Hilo lipo kwenye simulizi yake mwenyewe, yeye alilipita haraka akakimbilia kumlaumu mchungaji. Kwenye toleo la pili akamfanya mwendawazimu na muuaji. Orlean hakuwa na kampuni ya uchapaji, hakuwa na kamera wala safu kwenye gazeti. Wachungaji waliokwenda bodini walikwenda kutetea heshima ya mchungaji mwenzao. Yeye alipita Chicago ileile, labda akaona bango lenye jina lake.

Nampenda Micheaux kwa ujasiri wake, na *Within Our Gates* ningeiweka mbele ya muvi nyingi za enzi zile. Ila hapa kwa Orlean simpi hata alama moja.

Alikufa Machi 1951 huko Charlotte, North Carolina, akiwa safarini bado anauza. Akazikwa Great Bend, Kansas, na kaburi likakaa miaka mingi bila jiwe, mpaka 1988. Mwaka mmoja kabla, Hollywood ilikuwa imempa nyota pale kwenye njia yao ya mastaa, mji ambao hakuwahi kuuhitaji wala wenyewe kumhitaji. Mwaka 2010 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake.

Alitengeneza muvi zaidi ya 40, nyingi zimepotea. *Within Our Gates* yenyewe ilidhaniwa imekwisha kabisa mpaka kopi moja ilipoonekana kwenye hifadhi ya filamu huko Hispania, ikiwa na jina la *La Negra* na maandishi yote ya Kihispania. Ikabidi maneno yatafsiriwe kurudi Kiingereza, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitoa upya mwaka 1993. Nyingine ya mwaka 1920 ilikutwa Ubelgiji. *The Betrayal* haipo. *The Homesteader*, ile ambayo Evelyn Preer alicheza kama Orlean, haijaonekana mpaka leo.